Ganzi ya mkono usiku, nakung'uta mpaka usingizi unakata. Nianzie wapi?

Mama_Mkasi

Wakuu salaam. Mimi ni fundi cherehani, mikono ndiyo mtaji wangu, kwa hiyo hili jambo limeanza kuninyima raha. Mkono wa kulia unakufa ganzi. Ulianza kidogokidogo: naamka usiku nahisi vidole vimevimba, nikiwasha taa naviona viko vilevile. Halafu inafuata ile hali ya kuchomwachomwa, kama sisimizi wanapishana chini ya ngozi. Naukung'uta, nauning'iniza nje ya kitanda, inatulia, nalala. Kidogo tena inarudi. Siku hizi hata mchana inanijia, hasa nikikata vitambaa vizito kwa mkasi au nikishika simu muda mrefu.

Washauri ninao wengi kuliko vidole. Mteja mmoja ananiambia ni kiharusi kinabisha hodi. Mama mkwe anasema naulalia. Jirani kaniletea vidonge vya neva (mishipa ya fahamu), eti vinasaidia kila mtu. Nilipokwenda zahanati niliulizwa naumwa wapi, nikasema mkono, nikaandikiwa dawa ya maumivu, na maumivu yenyewe sina. Safari hii nataka nikienda niwe najua la kueleza.

Nina miaka 46, sina kisukari ninachokijua, kifua hakiniumi. Wenye ujuzi na mliopitia haya, nisaidieni.

Kipepeo

Pole sana mama. Mishipa imejikunja hiyo. Pasha mafuta moto, sugua kuanzia begani ukishuka mpaka vidoleni, kila usiku kabla ya kulala. Shangazi yangu alipona hivyohivyo.

Viungo_na_Kano

Pole dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mikono ya namna hii ndiyo riziki yangu. Mafuta hayatakudhuru, ila hayatafika panapobanwa.

Umeeleza vizuri kuliko unavyodhani. Inakuja usiku, inakuamsha, ukikung'uta inaondoka, mchana inachokozwa na kushika kitu kwa nguvu. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ndicho kikubwa: vidole vipi? "Mkono" ni neno pana mno. Leo ukiamka, kabla hujaukung'uta, gusa kidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili usikie kipi kimekufa na kipi kiko hai. Asubuhi chora kiganja chako kwenye karatasi, mbele na nyuma, utie wino palipokuwa na ganzi. Mgonjwa akiniletea mchoro wa namna hiyo huwa namshukuru kabla sijamgusa.

Maana yake ni hii. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, na ule upande wa kidole cha pete unaotazamana na cha kati, vyote hivyo viko chini ya neva ya mediani. Neva hii inaingia kiganjani kwa kupita kwenye njia nyembamba pale kwenye kifundo cha mkono. Sakafu na kuta za njia hiyo ni mifupa, dari yake ni ukano mgumu usiotanuka, na humo ndani neva inabanana na kano 9 zinazokunja vidole. Nyama zinazozunguka kano zikivimba kidogo tu, mfupa hausogei na ukano hausogei, anayeminywa ni neva. Usiku wengi wetu tunalala tumekunja kifundo bila kujijua, na kifundo kikikunjwa shinikizo mle ndani linapanda. Ndiyo sababu inakuamsha. Kidole kidogo hakihusiki kabisa. Na jambo ambalo watu hawalitegemei: ngozi ya ile nyama iliyotuna chini ya gumba kwa kawaida haifi ganzi, kwa sababu tawi la neva linaloihudumia linapita juu ya dari, haliingii ndani.

Kikiwa ni kidole kidogo pamoja na upande wa pili wa cha pete, hiyo ni neva ya alna, na mara nyingi inabanwa nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga mwili wote unashtuka. Ganzi ikikaa mgongoni mwa kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada, ni neva ya radiali. Hii huwapata waliolala fofofo mkono ukining'inia juu ya mgongo wa kiti, wakaamka kifundo kimelegea hakiinuki.

Jaribu na hili: bandika migongo ya viganja vyako viwili pamoja, vidole vitazame chini, viwiko viinuke, utulie dakika moja. Vidole vikianza kuchomachoma kabla dakika haijaisha, umepata kidokezo. Kipimo hiki kinabeba jina la Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani. Ni kidokezo, si hukumu. Wapo wagonjwa wasiosikia kitu na wapo wazima wanaosikia.

Mteja wako aliyetaja kiharusi tusimcheke. Kiharusi hakiji kwa miezi kikiondoka ukikung'uta. Kinakuja ghafla, tena upande mmoja: mkono unalegea au unakufa ganzi pamoja na uso au mguu, mdomo unaenda upande, maneno hayatoki au hayaeleweki. Hapo hakuna kuchora karatasi. Ni hospitali dakika hiyohiyo, na mtu akumbuke saa ilipoanza, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hata zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, nenda. Na ganzi ya mkono ikija pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, ni mwendo uleule.

Dereva_wa_Usiku

Mkuu, hapo kwenye kiwiko umenigusa. Mimi ni kidole kidogo na jirani yake, mkono ule ninaouegemeza mlangoni nikiendesha. Mke wangu aliamini ni moyo kwa sababu ni mkono wa kushoto. Daktari aliniuliza swali moja ambalo sikulielewa wakati ule: ganzi iko kiganjani tu au na mgongoni mwa kiganja upande huo wa kidole kidogo? Nikamwambia na mgongoni. Akasema basi ni kiwiko, si kifundo, kwa sababu tawi la mgongoni linachepuka kabla neva haijafika kwenye kifundo.

Ushauri alionipa haukuwa na dawa hata moja. Nisiegemee kiwiko kwenye kitu kigumu. Simu nisiishike sikioni kiwiko kikiwa kimekunjwa, niweke spika au waya wa masikioni. Usiku nizungushie taulo kwenye kiwiko nifunge kidogo, si kwa kubana, ili kisiweze kujikunja mpaka mwisho nikiwa usingizini. Mara ya kwanza unalala kama askari kwenye gwaride, baadaye unazoea. Kuchomachoma kumepungua sana. Kilichobaki ni kwamba kushika ufunguo na kuuzungusha naona mkono hauna nguvu ya zamani.

Meza_na_Kompyuta

Mimi niwaongezee shingo, maana kwangu ndiko ilikotokea. Kuchomachoma kulikuwa kwenye kidole cha kati, ungeweza kusema ni yaleyale ya Mama Mkasi. Tofauti ni kwamba kulikuwa na maumivu yanayoanzia kwenye bapa la bega yakishuka nyuma ya mkono wa juu. Nikitazama juu au nikigeuza kichwa upande huo, umeme unashuka mpaka kidoleni. Kukung'uta mkono hakusaidii chochote. Kilichonipa nafuu ni kuweka kiganja juu ya kichwa. Nilikuwa nakaa ofisini hivyo, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Nikaambiwa ni neva ya saba ya shingo inaguswa pale inapotokea kati ya pingili. Sikupasuliwa. Dawa, mazoezi mepesi, kupandisha kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho, na subira ya wiki kadhaa. Kuna mtu alitaka kunizungusha shingo ilie "ka!", nikakataa kwa woga tu.

Viungo_na_Kano

Woga wako ulikuwa na akili. Shingo inayotuma ganzi mkononi haizungushwi kwa nguvu na mtu ambaye hajakupima. Ndani yake kuna uti wa mgongo na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mishipa hiyo inaweza kuchanika. Ni nadra, lakini ikitokea huo ndio mwanzo wa kiharusi.

Hiyo ya kiganja juu ya kichwa ni alama ninayoipenda sana. Mtu akiingia kwangu ameweka mkono kichwani, nimeshaanza kuwaza shingo kabla hajakaa. Neva zinazotoka shingoni nazo zina maeneo yao: ya sita huenda kwenye gumba na kidole cha shahada, ya saba kwenye cha kati, ya nane kwenye kidole kidogo. Maeneo haya yanaingiliana na yale ya kifundo na kiwiko, kwa hiyo vidole peke yake havitoshi, unatazama na kinachochokoza na kinachotuliza.

Kuna sura moja ya shingo ambayo haisubiri: mikono yote miwili inapoteza ufundi, vifungo vya shati havifungiki, mwandiko unaharibika, huku miguu inakuwa mizito au mwendo unayumba, au haja ndogo inaanza kusumbua. Hapo unaobanwa ni uti wa mgongo wenyewe. Apelekwe haraka, hata kama hana maumivu hata chembe.

Mfamasia_Mstaafu

Naomba niguse vile vidonge vya jirani, maana nimeviuza kaunta miaka mingi na najua vinavyopendwa. Vingi ni mchanganyiko wa vitamini B1, B6 na B12. B12 ikipungua mwilini kweli inaleta ganzi, kwa kawaida kwenye miguu na mikono yote miwili, na ikiachwa inaharibu uti wa mgongo. Wanaopungukiwa ni kama wale wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka, wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo mfululizo, wasiokula kabisa vitu vitokanavyo na wanyama, na wenye matatizo ya tumbo kufyonza. Hao wapimwe damu, wapewe B12.

Tatizo ni B6. Ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva za hisia na kuleta ganzi ileile uliyokuwa unaikimbia. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Sasa soma lebo: vidonge vingi vya neva vinabeba miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja, na watu wanameza viwili vitatu kwa siku, mwaka mzima, kwa sababu "ni vitamini tu". Ganzi inazidi, wanaongeza dozi. Nimeliona hilo.

Isipokuwa kama unatumia isoniazidi ya kifua kikuu: hapo B6 unayopewa ni kwa ajili ya kulinda neva, usiache kwa kusoma maneno yangu humu.

Mama_Mkasi

Jamani asanteni, nimesoma yote na mume wangu. Nimefanya mchoro. Gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja tu, kama alivyosema fizio, mpaka nimeogopa. Nilikuwa nimeshaapa kwamba ni mkono wote. Kidole kidogo kizima kabisa. Kile kipimo cha kubandika migongo ya viganja hata dakika haikufika.

Sasa nina la kuongeza. Siku hizi nikiokota sindano au kifungo mezani nakiona kwa macho, lakini vidole havikisikii, kinaponyoka. Uzi nauingiza kwenye tundu kwa mkono wa kushoto. Na binti yangu ndiye aliyenionyesha: nikiweka viganja viwili pamoja ubavuni, ule mnofu chini ya gumba la kulia umebonyea kidogo kuliko wa kushoto. Hauumi. Hilo nalo ni la kuchekiwa au ndiyo uzee?

Vidonge nimeviweka kando. Lebo inasema 200.

Viungo_na_Kano

Dada, hapo umebadilisha mazungumzo. Si uzee, uzee ungebonyeza pande zote mbili. Misuli ile inaendeshwa na neva hiyohiyo ya mediani. Kuchomachoma kunakokuja na kuondoka ni neva inayolalamika. Mnofu kupungua na vidole kutosikia muda wote ni neva inayoanza kushindwa. Mwenye dalili za usiku tu ningemwambia avae gango, kile kifaa cha kushikilia kifundo kisijikunje, wiki sita hivi tuone. Wewe vaa gango kuanzia leo, lakini usisubiri wiki sita. Tafuta miadi wiki hii, kwa daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu.

Ukifika usiseme mkono unaumwa. Sema: "Vidole vitatu na nusu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, vinaniamsha usiku, nikikung'uta inapungua, sasa naangusha vitu na misuli ya gumba imepungua." Mpe na karatasi. Mwombe akupime nguvu ya gumba: unalaza mkono kiganja kikitazama juu, unanyanyua gumba kuelekea dari, yeye analikandamiza. Uliza kuhusu kipimo cha umeme wa neva, kinachoonyesha neva inapitisha ujumbe kwa kasi gani pale kwenye kifundo na imeharibika kiasi gani. Si kitamu, inakurusharusha kidogo, ila kinavumilika.

Damu nayo ipimwe: sukari, homoni ya tezi ya shingo, na B12. Umesema huna kisukari unachokijua, na wengi wanaambiwa wana kisukari kwa mlango huu huu wa kifundo. Kisukari kwa kawaida huanzia ganzi kwenye nyayo, lakini pia kinazifanya neva zisistahimili kubanwa. Tezi ikiwa mvivu inafanya vivyo hivyo, na baridi yabisi, na ujauzito. Ganzi ya wajawazito mara nyingi huisha baada ya kujifungua.

Matibabu yako ya namna mbili. Sindano ya steroidi karibu na ile njia inapunguza uvimbe, nafuu yake ni ya wiki au miezi, wengine zaidi. Kwa mtu ambaye misuli imeshapungua mimi siipendi kama jibu la peke yake, kwa sababu inaweza kukunyamazishia kengele huku moto unaendelea. Upasuaji unakata ule ukano wa dari ili njia ipanuke. Unafanywa kwa dawa ya kutia ganzi mkono tu na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ile ya kuamka usiku huwa inaondoka mapema. Hisia na nguvu zinachukua miezi, na mnofu uliokwisha kabisa hauna ahadi ya kurudi. Ndiyo sababu nakuharakisha.

Mama_Mkasi

Miadi nimepata Alhamisi. Gango nimenunua, lile lenye bati ndani, ila limenipinda mkono kwenda nyuma kama mtu anayesimamisha gari, na nimeamka na ganzi pale pale. Nilivae na mchana nikiwa kazini?

Viungo_na_Kano

Mengi yanayouzwa yametengenezwa hivyo. Chomoa lile bati, likunjue mpaka linyooke, lirudishe. Kifundo kikae sawa na mkono, kisikunjwe mbele wala nyuma. Hapo ndipo shinikizo linapokuwa dogo. Vidole viwe huru na mikanda isibane.

Mchana kazini usilivae ukiwa unakata. Utakuwa unapigana nalo, na kupigana nako ni kubana kano zilezile. Badala yake shughulikia mkasi: unolewe mara kwa mara, upate wenye mipini mipana au ule wa springi unaofunguka wenyewe. Vitambaa vizito usikate tabaka nyingi kwa mara moja, au kazi hiyo apewe msaidizi kwa sasa. Meza iwe ya urefu ambao kifundo hakijikunji ukikata. Na hiyo simu, iweke mezani.

Dereva, sijakusahau. Hiyo ya ufunguo kukosa nguvu hukuiuliza lakini umeiandika. Shika karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada kwa mikono yote miwili, mtu aivute. Ikichomoka kirahisi upande wa ganzi, au ukiona ncha ya gumba inajikunja ili kuing'ang'ania, misuli ya alna imeanza kupoteza. Nyuzi za neva zilizokufa zikiota upya zinakwenda kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka kiganjani ni kama sentimita 30. Piga hesabu mwenyewe, kisha mwambie bosi wako unahitaji siku moja ya ruhusa.

Dereva_wa_Usiku

Mke wangu ameivuta sasa hivi. Imechomoka. Ruhusa nimeomba Jumatatu.